Picha zilirudi, majina yakabaki nyuma: kisa cha nasaba ya ukoo wetu

Mjomba alinipigia simu Jumanne usiku, mwezi Oktoba 2025. Nilimwamkia, akaitikia harakaharaka, kisha akasema: "Mwanangu, ukoo umefutika."

Nilidhani kuna msiba. Nikaketi kitandani nikamuuliza nani amefariki. "Hakuna aliyekufa. Ni kompyuta. Imetoka kwa fundi Ijumaa, leo nafungua nasaba, hamna mtu hata mmoja ndani."

Mjomba ni mwalimu mstaafu, anakaa Ngamiani, Tanga. Tangu 2009 amekuwa akikusanya nasaba ya upande wa bibi yetu, watu wa Pangani waliotawanyika hadi Tanga, Mombasa, Unguja na Maskati. Alianza na daftari, akaingia kwenye programu moja ya kompyuta, na tangu 2015 anatumia Gramps, programu ya bure ya kutunzia nasaba. Amekwenda misibani na kalamu. Amekaa barazani kwa wazee mpaka magharibi ikamkuta. Ameazima picha nyumba kwa nyumba, akaziskani na kuzirudisha siku hiyohiyo, maana watu hawaachi picha za marehemu wao zikalale kwa mtu. Ukoo mzima ukitaka kujua fulani ni nani wetu, unamuuliza yeye, naye anaiuliza kompyuta.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa kuwa najua akina mjomba wako wengi, na kwa kuwa tuliyoyakuta hayakuwa yale niliyoyaogopa. Niliogopa kupoteza mafaili, na mafaili mengi yalirudi. Kilichokatika ni uzi uliofunga picha na jina, na jina na habari yake, na uzi ukishakatika hakuna programu ya kuuvuta kutoka kwenye diski.

Ilivyofutika

Laptopu ilikuwa ya zamani, yenye diski ya kuzunguka ya GB 500, nzito kama mzee anayepanda ngazi. Mjomba alisikia kwamba Microsoft inaacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, akaona heri aipeleke kwa fundi ikapigwe Windows upya. Fundi alimuuliza swali la haki: "Mzee, kuna vitu vya kuhifadhi?" Mjomba akamjibu anakili Documents, Pictures na vile vilivyo kwenye uso wa kompyuta, mengine afute. Fundi akafanya hivyo hasa. Simlaumu hata chembe.

Shida ni kwamba nasaba haikuwa kwenye mojawapo ya folda hizo tatu. Katika Windows, Gramps huweka hifadhidata yake ndani ya AppData, folda ambayo Windows yenyewe huificha ili mtumiaji asiiguse. Mjomba hakuwahi kuiona maishani mwake. Picha nazo zilikuwa kwenye folda ya C:\Nasaba, aliyoitengeneza 2015 nje ya kila kitu ili awe anaiona upesi. Kitu kilichokaa wazi mlangoni hakuna anayekumbuka kukihamisha. Halafu kuna la tatu, ndilo lililonisikitisha zaidi: Gramps inaweza kujitengenezea nakala kila unapoifunga, na isipoelekezwa vingine huiweka kwenye folda kuu ya mtumiaji, nje ya Documents. Kwa hiyo mjomba alikuwa na makumi ya nakala, za miaka. Zote zilikaa kwenye diski ileile, zote zikaondoka siku moja.

Laiti diski isingefomatiwa, tungepona. Windows mpya ikiwekwa juu ya ya zamani bila kufomati, ile ya zamani huhamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old na kukaa humo siku 10 hivi kabla ya kufutwa. Anayepeleka kompyuta kwa fundi na amwambie neno hilo moja: usifomati kwanza.

Zima, usiguse

Nilimwambia mjomba: "Zima sasa hivi. Usiifunge kwa utaratibu, shikilia kitufe mpaka izimike, chomoa waya, toa na betri." Akashangaa, lakini alifanya.

Ufomati wa haraka haufuti yaliyomo. Unachana ukurasa wa yaliyomo, kurasa nyingine zinabaki, ila kompyuta sasa inazihesabu kuwa tupu na itaandika juu yake wakati wowote. Kuanzia Ijumaa hadi Jumanne Windows ilikuwa ikijipakulia masasisho, na mjomba alikuwa ameweka programu zake upya na kutazama mawaidha YouTube kila baada ya isha. Kila saa iliyowaka ilikuwa ikiandika juu ya mtu fulani wa ukoo wetu. Na hapa diski kukuu ilitufaa: ingekuwa SSD, diski mpya isiyozunguka, Windows huiambia diski mapema kwamba sehemu zile hazihitajiki tena, nayo huzisafisha yenyewe. Huenda nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Kesho yake nilipanda basi kutoka Dar es Salaam. Jioni nilitoa diski kwenye laptopu, nikaiunganisha kwa waya wa USB na kompyuta yangu, nikainakili nzima, kipande kwa kipande pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, kwenye diski nyingine ya TB 1. Nilitumia ddrescue, programu ya bure inayoandika kumbukumbu ya pale ilipofikia. Umeme ulikatika saa nane usiku, nilipoiwasha tena ikaendelea palepale. Diski yenyewe tukaitia kwenye bahasha, ikafungiwa kabatini kwa bibi pamoja na vyeti vyake. Tangu hapo tulifanyia kazi ile nakala tu. Mtu akikosea kwenye nakala, anakwenda kunakili tena. Akikosea kwenye asili, amemaliza.

Nakala tatu za zamani, na kila moja ilichosahau

Kabla ya kuchimba diski tulikusanya kila kitu ambacho mjomba amewahi kumpa mtu. Vilipatikana vitatu.

Cha kwanza, CD aliyoichoma 2014, ina faili la GEDCOM kutoka programu yake ya awali. GEDCOM ni namna ya kuandika nasaba kwa maandishi ya kawaida, iliyobuniwa mwaka 1984 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho ili programu mbalimbali ziweze kupeana data. Sifa yake kubwa nimeiona kwa macho: baada ya miaka 11 faili lilifunguka kwenye Notepad na mtu akaweza kulisoma. Lakini lilikuwa na mapengo. Mjomba alipolitoa alichagua kuficha walio hai, kwa hiyo wote waliokuwa hai mwaka ule hawakuwa na majina, na kumi na wawili kati yao sasa ni marehemu. Picha hazikuwemo, kwa kuwa GEDCOM ya wakati ule hubeba njia ya kufikia picha tu, picha yenyewe haibebi. Na majina yaliyokuwa yameandikwa kwa hati za Kiarabu, kama yalivyo kwenye daftari la babu yake bibi, yote yalikuwa alama za kuuliza: ????? ??? ?????.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu watu huchanganya. Ukifungua faili ukakuta herufi za ajabu kama Ø na Ù zimerundikana mahali pa Kiarabu, usikate tamaa: mara nyingi baiti ni zilezile, zimesomwa kwa mfumo usio wake, na ukiliambia faili lisomwe kama UTF-8, mfumo unaobeba herufi za lugha zote, maandishi hurudi. Ukikuta alama za kuuliza zilizohifadhiwa ndani ya faili, hilo limekwisha. Programu ilikosa herufi hiyo kwenye mfumo iliouchagua, ikaweka ? badala yake, na ? moja haijui kama ilikuwa mim au nun.

Cha pili kilituokoa. Machi 2023 mjomba alimtumia dada yangu wa Mombasa faili la .gramps kwa barua pepe, ili amsaidie kupanga upande wa Kenya. Dada hafuti barua pepe, tabia niliyokuwa nikimsema nayo. Faili lilikuwa na watu 604, vyanzo, na maelezo yote hadi siku ile, majina ya Kiarabu yakiwa salama. Picha hazikuwemo, maana faili la aina hiyo hubeba orodha yake tu.

Cha tatu ni bango. Agosti 2024, kwenye harusi ya binti wa mjomba, ukoo ulichapisha mti wote kwenye bango la mita tatu likatundikwa ukumbini. Limekunjwa nyuma ya kabati la shangazi. Majina, miaka, na nani kamzaa nani. Nusu ya ukoo wana picha zao wamesimama mbele yake.

Picha 912

Kuchimba tulitumia PhotoRec, nayo ya bure. Haitafuti majina ya mafaili, kwa kuwa ukurasa wa yaliyomo umekwisha kuchanwa. Inapita diski yote ikitafuta mwanzo wa kila aina ya faili, na kila inachokipata inakiita kwa herufi f na nambari, mathalani f48213504.jpg. Ilifanya kazi usiku kucha. Asubuhi tulikuwa na makumi elfu ya picha, nyingi zikiwa vijipicha vya tovuti. Tukaondoa ndogondogo, zikabaki kama 6,000. Bibi wa kwanza kuonekana kwenye kioo alikuwa amevaa baibui la ukaya, amesimama mbele ya pazia la studio. Mjomba akasema, "Huyu namjua!" Akanyamaza. Hakuwa akimjua. Alijua kwamba alikuwa akimjua.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Picha ziko, lakini f48213504 si mtu.

Kilichotusaidia ni kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekiwaza. Gramps inapoorodhesha picha, pamoja na njia yake huandika alama ya MD5, mfululizo wa tarakimu na herufi 32 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Ni kama alama ya kidole: jina la faili likibadilika, alama haibadiliki, doa moja la rangi likibadilika, alama yote inakuwa nyingine. Faili la .gramps kwa kweli ni maandishi ya XML yaliyobanwa kwa gzip, kwa hiyo tulilifungua kwa 7-Zip tukasoma. Kila picha kati ya 912 za mwaka 2023 ilikuwa na alama yake, jina lake na maelezo yake. Kilichobaki ni kukokotoa alama za picha zote 6,000 kwa amri ya Get-FileHash iliyomo ndani ya Windows, na kulinganisha orodha mbili.

Picha 688 zilikubaliana. Kwa dakika chache, f48213504 ikawa mama mdogo wa bibi, Pangani, na mjomba akainuka kitini akaenda kusimama uani.

Zilizokataa, 224, zilikuwa na sababu zao. Baadhi zimeandikwa juu na masasisho ya siku zile nne, zinafunguka nusu, chini ni kijivu kitupu. Nyingine mjomba alizigeuza au kuzipunguza ukingo baada ya kuziingiza, alama ikabadilika. Tukaomba kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kila mtu atume picha za nasaba alizo nazo. Zilimiminika, Mungu awabariki, na hakuna hata moja iliyokubaliana na orodha, kwa sababu WhatsApp huibana upya picha inayotumwa kama picha. Ukituma picha ya kumbukumbu, itume kama dokumenti. Tulizilinganisha kwa macho na tukashukuru kuzipata, japo zimefifia.

Picha alizoskani baada ya Machi 2023 zilikuwa shida nyingine, kwa kuwa hazikuwemo kwenye orodha kabisa. Tulipata 117. Lakini mjomba ana desturi ya kiualimu: kila picha anaiskani mbele, kisha nyuma, hata kama nyuma hamna kitu. Na ile nambari inayotolewa na PhotoRec ni nambari ya mahali faili lilipokaa kwenye diski. Mafaili yaliyoandikwa kwa kufuatana mara nyingi hukaa jirani. Tukazipanga kwa nambari, na kweli: uso, mgongo, uso, mgongo. Nyuma ya nyingi kulikuwa na penseli ya mtu wa zamani, jina na mwaka, mara nyingine mhuri wa studio. Picha 70 hivi zilipata majina kwa njia hiyo.

Arobaini na kitu zilizobaki tulizipeleka Pangani kwa shangazi wa mjomba, ambaye amepita miaka 80. Tulikuwa na kishikwambi cha mtoto wa jirani. Alikataa kutazama mpaka tule chakula. Kisha akaketi mkekani, akawa anaita: huyu mke wa pili wa fulani, huyu si wetu ni mpangaji, huyu alikufa maji. Pengine alikaa na uso mmoja kwa muda mrefu halafu akasema, "Nendeni mbele." Alitambua 29. Kumi na nane zimeingizwa kama zilivyo, zikiwa na nambari, na maneno "haijulikani, aliulizwa shangazi, Novemba 2025". Nilisisitiza tuandike ni nani aliulizwa na lini, ili anayekuja baada yetu ajue mlango gani umekwisha kugongwa.

Jambo la vyeti halikutusumbua. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vilivyoharibika vinaweza kuombwa tena RITA, wakala wa serikali wa usajili. Tuliviweka mwisho kabisa wa foleni.

Tulivyopanga sasa

Programu imewekwa upya, faili la 2023 limeingizwa, picha zimerudishwa. Njia za picha ndani yake zote zilikuwa zinaanza na C:/Nasaba, mahali ambapo kompyuta ya dada haina. Gramps ina chombo cha kusimamia picha kinachoweza kubadilisha njia zote kwa mkupuo na kuzifanya ziwe fupi, zikianzia folda moja ya msingi. Tumefanya hivyo. Sasa folda hiyo inaweza kuhamia kompyuta yoyote, na ni mstari mmoja tu wa mipangilio unaobadilika.

Nakala tunatoa kwa umbo la .gpkg, ambalo hubeba data pamoja na picha kwenye fungu moja. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ndiye anayetajwa kueneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Yetu ni hii: moja kwa mjomba, moja kwenye diski ya nje inayokaa kwangu Dar es Salaam, moja kwa dada Mombasa. Fungu zima lina GB kadhaa, bando halitoshi, kwa hiyo linasafiri kwa flashi na yeyote wa ukoo anayevuka mpaka wa Kenya pale Horohoro. Kila Idd dada analifungua kwenye kompyuta yake, si kutazama tu kwamba faili lipo. Analiingiza kwenye nasaba tupu, anahesabu watu, anafungua picha tano anazochagua mwenyewe, na anasoma majina matatu ya Kiarabu. Mara ya kwanza alikuta watu pungufu ya wale wa mjomba. Kumbe wakati wa kutoa nakala alama ya kuacha nje habari za siri ilikuwa imebaki imewekwa. Nakala ya kumpa mtu na nakala ya kuhifadhi ni vitu viwili, na tumezipa majina tofauti.

Na picha yenyewe sasa inabeba jina lake: mwaka, mahali, na mtu, kwenye jina la faili. PhotoRec ingelifuta hilo tena, najua. Lakini mtu akiipata picha moja iliyopotea njia kwenye simu ya mjukuu, ataijua.

Binamu wa Maskati alitaka kila kitu kiende kwenye tovuti ya nasaba mtandaoni, yaishe. Mjomba alikataa, na kwa hili niko naye. Ndani yake mna talaka, mna watoto waliolelewa na wasio wazazi wao, na mna jambo la asili, ambalo pwani kwetu hadi leo husemwa kwa sauti ya chini.

Maelezo 43

Jambo hilo nimeliacha mpaka hapa kwa kuwa ndilo linaloniuma.

Kati ya vitu PhotoRec ilivyochimba kulikuwa na mafaili ya gzip. Nikikumbuka kwamba nakala za Gramps ni gzip, nilianza kufungua moja baada ya jingine. La kumi na kitu lilifunguka: nakala ya Septemba 2025, wiki chache kabla ya fundi. Lilikuwa zima mwanzoni na limekatika mbele. Katika faili la Gramps mambo hupangwa kwa mfuatano: kwanza matukio, kisha watu, kisha familia, halafu vyanzo, mahali, picha, na karibu na mwisho kabisa, maelezo. Letu lilikatika kwenye familia. Tulipata watu wote 671, yaani 67 walioongezwa baada ya 2023. Nani mume wa nani tulimjua kwa sababu kila mtu hubeba nambari ya familia yake, na wawili wenye nambari moja ni wanandoa. Bango la harusi lilithibitisha.

Lakini maelezo hayakuwemo. Kilichokuwemo ni viungo vyake: chini ya mtu fulani, mstari mmoja unaosema kuna maelezo, nambari hii. Tulihesabu viungo 43 visivyokuwa na mwisho. Tulijua kwamba mjomba aliandika kitu juu ya mtu huyu, na hatukujua aliandika nini.

Mjomba alikumbuka mengine. Mengi yalitoka kwa mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, Bweni, ambaye alimhoji kwa siku mbili mwaka 2024, akiandika moja kwa moja kwenye laptopu. Mzee huyo alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata.

Nilijaribu njia ya mwisho. Hifadhidata ya Gramps, tofauti na nakala zake, haibani maandishi. Ile yenyewe ilikuwa imeandikwa juu mahali pengi na haikufunguka, lakini vipande vyake vilikuwa bado vimetawanyika kwenye diski, na maandishi yasiyobanwa yanaweza kutafutwa neno kwa neno. Nikatafuta "Bweni". Nikatafuta "marehemu", "alisimulia", "utumwani". Vikatoka vipande, kimoja hapa kimoja pale, katikati ya takataka. Kwa wiki mbili tuliviunganisha, mimi nikivisoma kwa simu na mjomba akisema huu ni wa fulani, huu ni wa fulani. Maelezo 17 yalirudi mazima. Tisa yalirudi nusu. Kumi na saba hayakuonekana.

Kati ya yale tisa kuna la bibi wa bibi wa mama yangu. Hana cheti, hana kaburi lenye maandishi. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, na yeye aliletwa Pangani miaka mingi kabla ya hapo. Hakuna ofisi tutakayoomba karatasi yake. Yule mzee wa Bweni alikuwa amesikia habari zake kwa mama yake, na mjomba aliziandika. Hifadhidata ile hukata maandishi marefu katika kurasa, na ukurasa wa pili ulikwisha kuandikwa juu.

Tumeliingiza kwenye nasaba kama lilivyopatikana, bila kuongeza neno:

"Aliletwa na msafara akiwa mtoto mdogo, hajang'oa meno ya utotoni. Alipewa jina hili hapa Pangani. Mama yake mzee anasema alikuwa akilitaja jina lake la kwao usiku tu, akibembeleza watoto, na jina hilo lilikuwa"

Mjomba anakumbuka kwamba mzee alilitamka mara mbili ili asikosee kuandika. Anakumbuka alivyoliandika kwa herufi kubwa. Kila nikienda Tanga ananiuliza kama diski bado iko kabatini.